Maswali Yenu: Pakeji ya Debian unaifungaje mwenyewe kwa mkono?

Toleo lililopita nilizigusa faili za .deb, yaani pakeji za kuinstolia programu kwenye mfumo wa Debian Linux, kwa mistari michache tu nikidhani ni mada ya watu wachache, kumbe mna maswali hayo siku nyingi. Basi leo ukurasa mzima ni wa hilo. Naanza na swali la mwalimu mmoja maana ukilielewa hilo yale mengine yanakuwa mepesi.

SWALI: Habari za kazi ndugu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta sekondari, Songea. Maabara yetu ina mashine 24, zote Debian 12, intaneti hatuna isipokuwa bando la simu yangu. Niliandika skripti ndogo inayoonyesha saa kwa Kiswahili, yaani asubuhi ile ambayo kompyuta inaandika 7 yenyewe inaandika saa 1, na wanafunzi wameipenda kweli. Tatizo kila nikiirekebisha nazunguka na flashi mashine moja moja nakopi. Nimesikia naweza kutengeneza .deb lakini kila maelezo niliyosoma yanaanza na zana za debhelper na dh_make na mafaili kibao, nikachoka. Hakuna njia fupi? Alafu kuna kingine, skripti inafanya kazi siku nzima ila saa mbili na saa tatu asubuhi inagoma. Sijui kwanini.

JIBU: Mwalimu, salamu kwa vijana wa maabara. Njia fupi ipo, na ukiwa umeshika kompyuta yenye Debian hapo hapo huhitaji kudaunlodi chochote, dpkg-deb, programu ya kufungia pakeji, inakuja na mfumo wenyewe.

Ila kabla ya komandi naomba nikuambie kwanini nafurahi umeuliza. Miaka ya nyuma nilikuwa nahudumia ofisi moja yenye kompyuta kama thelathini hivi, na kila skripti nikiiandika nakopi kwa mkono kama wewe, nyingine nikaweka /usr/local/bin, nyingine /opt, nyingine kwenye folda ya mtumiaji. Siku wakaniambia toa ule utaratibu wa zamani weka mpya, nilikaa siku tatu natafuta vipande, na bado mashine mbili zikanipita, skripti ya zamani ikaendelea kuamka kila usiku na kutuma hesabu zisizo sahihi kwa watu wanaozitegemea, wiki nzima mpaka mhasibu mmoja akashtuka. Tangu siku hiyo hata skripti ya mistari mitano naifunga pakeji. Kubeba mafaili hata flashi inabeba, pakeji kazi yake kubwa ni kukumbuka. Ukiinstoli, dpkg (programu ya Debian inayoweka na kuondoa pakeji) inaandika kwenye /var/lib/dpkg/info kila faili imewekwa wapi, na siku ukisema ondoa inaondoa hizo hizo na haigusi za mwingine.

Sasa tuanze. Pakeji kwa asili yake ni folda iliyopangwa vilevile mafaili yatakavyokaa kwenye mashine, pamoja na barua ya utambulisho. Basi. Tengeneza folda hizi:

    mkdir -p saa-kiswahili/DEBIAN
    mkdir -p saa-kiswahili/usr/bin

DEBIAN iandikwe kwa herufi kubwa zote, ukiandika kwa ndogo dpkg-deb haitaiona. Chochote kilichomo humo ndani ni maelezo ya pakeji, chochote kilicho nje yake kitawekwa kwenye mashine kwa njia hiyo hiyo kilivyo, yaani saa-kiswahili/usr/bin/saa itatua /usr/bin/saa. Wengi wanapenda kuweka /usr/local/bin, itakubali lakini sheria za Debian zinasema eneo hilo ni la mwenye mashine sio la pakeji, kwa hiyo zoea /usr/bin mapema.

Skripti yenyewe iwe hivi, na hapa ndipo lilipo jibu la saa mbili na saa tatu:

    #!/bin/sh
    s=$(date +%-H)
    k=$(( (s + 6) % 12 ))
    [ "$k" -eq 0 ] && k=12
    echo "Saa $k na dakika $(date +%-M)"

Angalia kile kistari kati ya % na H. Bila hicho, date inakupa 08 na 09, na shell (programu inayosoma skripti) ikiona namba imeanza na sifuri inaihesabu kwa msingi wa nane, ambako tarakimu 8 na 9 hazipo kabisa. Ndio maana 07 inapita vizuri na 10 inapita vizuri, inakwama kwenye hizo mbili tu, ambazo kwetu ndio saa mbili na saa tatu asubuhi. Weka kistari limeisha hilo.

Iweke mahali pake na ruhusa zake kwa mpigo mmoja:

    install -m 755 saa.sh saa-kiswahili/usr/bin/saa

Sasa ile barua. Fungua faili saa-kiswahili/DEBIAN/control uandike:

    Package: saa-kiswahili
    Version: 1.0
    Architecture: all
    Maintainer: Mwalimu wa Maabara <mwalimu@example.org>
    Description: Huonyesha saa kwa hesabu ya Kiswahili
     Programu ndogo ya teminali. Andika saa
     nayo itakuambia saa ngapi.

Jina la pakeji ni herufi ndogo, tarakimu, na alama za kujumlisha, kistari au nukta, hakuna nafasi wala herufi kubwa. Architecture ni all kwa sababu skripti haijali ni prosesa gani, ingekuwa programu ya C uliyoikompaili ungeandika amd64 au arm64. Kwenye Description mistari ya chini lazima ianze na nafasi moja, ukisahau dpkg inadhani umeanza kipengele kipya na inakataa. Alafu malizia faili kwa kubonyeza enta, mstari wa mwisho usiachwe unaning'inia.

Ifunge:

    dpkg-deb --root-owner-group --build saa-kiswahili .

Ile nukta ya mwisho ina kazi, inaiambia iiweke hapa hapa na iipe jina kamili lenyewe, saa-kiswahili_1.0_all.deb. Na lile neno refu --root-owner-group tafadhali usiliruke mwalimu, hili nalisisitiza kwa maabara kama yako. Ukiliacha, faili ndani ya pakeji zinabeba namba ya mtumiaji aliyezifunga, ambaye mara nyingi ni 1000, yaani akaunti ya kwanza iliyofunguliwa kwenye mashine. Na kwenye maabara nyingi wanafunzi wote wanaingia kwa akaunti hiyo hiyo ya kwanza! Maana yake mwanafunzi yeyote anaweza kuifungua /usr/bin/saa na kuandika anachotaka. Ukiliweka, mafaili yote yanakuwa ya rutu (root), yaani msimamizi wa mashine.

Kabla ya kuinstoli ichungulie. dpkg -I (i kubwa) inaonyesha ile barua, dpkg -c inaonyesha mafaili na ruhusa zake. Mimi siinstoli pakeji ambayo sijaipitia na -c, hata niliyoifunga mwenyewe dakika moja iliyopita, kwani mara nyingi nimekuta nimeacha faili la majaribio ndani. Ukiridhika:

    sudo apt install ./saa-kiswahili_1.0_all.deb

Hiyo ./ mwanzoni ni lazima, bila hiyo apt itaenda kulitafuta jina hilo kwenye repo zake (maghala ya pakeji) na kukuambia halipo. Ukiona mwishoni imeandika notisi yenye jina _apt, usihangaike, inasema tu kwamba yule mtumiaji mdogo wa apt hakuweza kuingia kwenye folda yako ya nyumbani, pakeji imeingia. Ukitaka isitokee weka .deb kwenye /tmp kwanza. Siku ukiichoka, sudo apt remove saa-kiswahili, na haibaki hata moja.

Onyo moja la mwisho kwa sababu umesema unatembea na flashi: usifungie pakeji NDANI ya flashi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT, na FAT haihifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo dpkg-deb itakuambia folda ya control ina "bad permissions" 700 au 777 wakati yenyewe inataka kuanzia 0755 hadi 0775. Funga kwenye folda yako ya nyumbani, alafu .deb iliyokamilika ndio uikopi kwenye flashi, hapo haina shida yoyote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Kisumu. Lecturer alituambia .deb ni "archive tu" akapita haraka. Ni archive ya aina gani? Naweza kuitengeneza bila hata dpkg-deb?

JIBU: Unaweza, na nakushauri ufanye hivyo angalau mara moja maishani mdogo wangu, kwa sababu ukishaifanya hutaiogopa tena pakeji yoyote. Chukua .deb yoyote uandike ar t ikifuatiwa na jina lake. Utaona vitu vitatu, debian-binary, control.tar na data.tar, hizo mbili zikiwa na mkia wa .gz au .xz au .zst kutegemea zilivyobanwa. Ar ni ile ile ya watu wa C wanayofungia maktaba za .a, kitu cha zamani kabisa cha Unix, na Debian wameitumia tangu miaka ya 1990.

Kwa folda ile ile ya mwalimu hapo juu:

    printf '2.0\n' > debian-binary
    tar -C saa-kiswahili/DEBIAN --owner=0 --group=0 -czf control.tar.gz ./control
    tar -C saa-kiswahili --exclude=./DEBIAN --owner=0 --group=0 -czf data.tar.gz .
    ar rc saa.deb debian-binary control.tar.gz data.tar.gz

Hiyo 2.0 ni namba ya fomati ya pakeji, haihusiani na toleo la programu yako wala la Debian. Na mpangilio ni muhimu, debian-binary iwe ya kwanza, kisha control, kisha data, ukigeuza dpkg inaikataa. Alafu fanya dpkg -I saa.deb uone inavyokusomea barua yako kana kwamba imetoka kiwandani. Mimi siku ya kwanza kuiona hiyo sikulala, nilifungua kila .deb niliyokuwa nayo kuangalia ndani kuna nini.

SWALI: Nimefunga pakeji kwenye laptop yangu ya Ubuntu 22.04, kwangu inakubali freshi kabisa. Nimeipeleka kwenye sava ya kazini ya Debian 11 inasema "unknown compression for member control.tar.zst, giving up". Pakeji imeharibika? Mbeya.

JIBU: Haijaharibika. Ubuntu kuanzia 21.10 wanabana pakeji kwa zstd, njia mojawapo ya kubana faili, na dpkg ya Debian 11 haiijui, Debian 12 ndio inaijua. Ifunge upya kwa dpkg-deb -Zxz --root-owner-group --build na itaingia kote, ya zamani na mpya. Mtu yeyote anayefungia Ubuntu kwa ajili ya wengine aiandike hiyo -Zxz kila siku, haigharimu kitu.

SWALI: Kaka, pakeji yangu ina faili ya mipangilio kwenye /etc. Mteja aliibadilisha akaweka jina la duka lake na namba za risiti, mimi nikamtumia toleo jipya, likafuta kila kitu alichoandika. Amekasirika sana na ana haki. Nifanyeje isijirudie? Dada wa Mombasa.

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mteja. Hili linawapata karibu wote wanaofunga kwa mkono, kwa sababu vile vifaa vikubwa kama debhelper vinalifanya chinichini bila kukuambia, ukija kwenye njia ya mkono hakuna anayekukumbusha.

dpkg haijui kwamba faili ya /etc ni ya mteja mpaka umwambie. Unamwambia kwa faili inayoitwa conffiles, ndani ya DEBIAN, kila mstari njia moja kamili:

    /etc/duka.conf

Ikiwemo hiyo, ukileta toleo jipya dpkg inalinganisha. Kama mteja hakuigusa faili inaibadilisha kimya kimya. Kama ameigusa na wewe pia umeibadilisha, inasimama inamuuliza, abaki na yake au achukue mpya, na chaguo la kawaida ni kubaki na yake. Kama ameigusa yeye na wewe hujabadilisha kitu, hata haimuulizi. Na akiiondoa pakeji kwa remove mipangilio yake inabaki palepale, inafutika akisema purge tu. Nadhani huo ni uungwana mkubwa kwa programu kumfanyia mtu, na ni mstari mmoja tu wa kuandika.

Namba za risiti lakini, hizo zisikae /etc kabisa. Kitu ambacho programu yenyewe inakiandika kila siku mahali pake ni /var/lib na usikifungie ndani ya pakeji, kiache kizaliwe kwenye mashine ya mteja. Kwa huyu aliyeumia, muulize kama ana bekapu, na kabla ya kumtumia tena lolote jaribu kwanza kuapgredi kwenye mashine yako kutoka toleo la zamani kwenda jipya, sio kuinstoli jipya peke yake, watu wengi wanajaribu hilo la pili tu.

SWALI: Toleo langu lilikuwa 1.9 nikatoa 1.10, mwenzangu anasema apt itaiona 1.10 ni ndogo kwa sababu 1.1 ni ndogo kuliko 1.9. Kweli?

JIBU: Sio kweli, dpkg haisomi kama desimali, inasoma vipande, kumi ni kubwa kuliko tisa. Ukiwa na shaka muulize mwenyewe:

    dpkg --compare-versions 1.10 gt 1.9 && echo ndiyo

Cha kujifunza hapo ni alama ya mawimbi, ~. Ukitaka kutoa toleo la majaribio kabla ya 2.0 liite 2.0~jaribio1, kwa sababu hiyo alama inahesabiwa ndogo kuliko hata kutokuwepo kitu, kwa hiyo 2.0 kamili ikitoka itapanda juu yake. Ukiiita 2.0-jaribio1 itaonekana kubwa kuliko 2.0 na waliojaribu watakwama hapo hapo.

SWALI: Skripti yangu inahitaji notify-send, komandi ya kuonyesha arifa. Nimeandika kwenye postinst (skripti inayoendeshwa pakeji ikishawekwa) "apt install -y libnotify-bin" lakini inaleta kosa la lock. Nimejaribu kufuta hiyo faili ya lock kwa rm ikapita mara moja, mara ya pili mfumo ukavurugika.

JIBU: Usifute lock ndugu yangu, tafadhali, hiyo ndiyo inayozuia watu wawili kuandika kwenye daftari moja kwa wakati mmoja. Postinst inaendeshwa wakati apt yenyewe bado imeishika kazi, kwa hiyo apt ya pili lazima igome, na inagoma kwa sababu nzuri. Toa huo mstari, badala yake kwenye control andika:

    Depends: libnotify-bin

na apt italeta kila kitu kwanza ndipo ije kwenye pakeji yako. Ndio maana nasema tumieni apt install ./ na sio dpkg -i, dpkg -i itakuambia kinachokosekana lakini haiendi kukileta, mpaka uifuate na apt -f install.

Kurekebisha mfumo uliovurugika anza na sudo dpkg --configure -a kisha sudo apt -f install. Kama pakeji yako ndio inayokwama, nenda /var/lib/dpkg/info/ utakuta postinst yake imehifadhiwa humo kwa jina la pakeji, toa ule mstari mbovu alafu rudia. Na kwa ujumla ukiweza kuishi bila postinst ishi bila postinst. Inaendeshwa kama rutu kwenye mashine ya mtu aliyekuamini, na kila mstari wake ni mstari unaoweza kukwama usiku wakati wewe haupo.

SWALI: Nataka pakeji yangu iingie Debian yenyewe, niwatumie hiyo .deb wapi?

JIBU: Hiyo .deb hawaichukui. Wanataka pakeji chanzo, yaani kodi (code) ya programu yako pamoja na folda ya debian kwa herufi ndogo yenye control, changelog, copyright na rules, ili waijenge wenyewe na mtu yeyote aweze kuijenga tena. Hapo sasa ndio debhelper inakuwa na maana, kwa mtu aliyekwisha kufunga kwa mkono atajua kila kitu kinafanya nini. Unatangaza nia yako kwa ripoti ya ITP (Intent To Package), unaandaa pakeji, kisha unatafuta mdhamini ambaye ni mjenzi wa Debian aikague na kuipandisha. Kwa sasa anza kuzoea lintian, programu inayokagua makosa ya pakeji, iendeshe juu ya .deb yako. Itakulalamikia huna faili ya copyright kwenye /usr/share/doc/jina-la-pakeji, huna changelog, huna ukurasa wa man. Ya copyright ishughulikie kwanza, hata kama ni ya kwako peke yako, mtu asiyejua leseni ya kazi yako hana ruhusa ya kuigawa.

SWALI: Ni mimi tena mwalimu wa Songea, nimeona jibu lako mapema kwa barua, pakeji imekubali na saa mbili asubuhi inasoma vizuri! Sasa je, mashine 24, bado nazunguka na flashi?

JIBU: Mwalimu umenifurahisha. Hapana, huzunguki tena, kama hizo kompyuta zimeungwa kwenye swichi moja hata bila intaneti. Chagua moja iwe ghala. Hapo tu unahitaji pakeji ya dpkg-dev, itafute mara moja kwa bando lako. Kisha:

    mkdir -p ~/ghala
    cp saa-kiswahili_1.0_all.deb ~/ghala/
    cd ~/ghala
    dpkg-scanpackages -m . > Packages
    python3 -m http.server 8000

Kwenye kila mashine nyingine, mara hii moja ya mwisho ya kuzunguka, tengeneza faili /etc/apt/sources.list.d/ghala.list yenye mstari huu, namba ikiwa ya ile mashine ya ghala:

    deb [trusted=yes] http://192.168.1.10:8000 ./

Kuanzia hapo sudo apt update na sudo apt install saa-kiswahili, kama pakeji nyingine yoyote duniani. Hilo neno trusted=yes linamaanisha apt haitadai saini, kwa maabara iliyofungwa yenye ghala unalolilinda wewe naona sawa, lakini usiliweke kwa anwani yoyote ya intaneti. Ukitoa 1.1, ongeza namba kwenye control, funga, weka kwenye ghala, na urudie dpkg-scanpackages kabla hujamwambia mwanafunzi yeyote afanye apt update, maana bila orodha mpya mashine zao zitaendelea kuiona 1.0 peke yake.